Jinsi Kinanda cha Mwalimu Leonsi Kilivyotekwa na Mtani

Sababu ya mimi, fundi viatu wa Tabora mjini, Mwislamu mwana wa Mwislamu, kuondoka nyumbani nikiwa nimebeba kinanda cha kanisa, ni ngozi ya mbuzi. Lazima nieleze, kwa sababu majirani walikwisha kueleza kwa namna zao. Nilipohesabu maelezo yao niliyapata manne, nikarudia yakawa sita, na hakuna hata moja lililokuwa na mbuzi ndani yake.

Kinanda chenyewe ni kile cha kukanyaga. Mpigaji huketi, miguu yake inakanyaga vibao viwili huko chini, mifuko ya ngozi iliyo tumboni mwa kinanda inavuta upepo, na vidole vikibonyeza juu, sauti inatoka. Mifuko ikitoboka hutoka kikohozi. Mwalimu Leonsi, mwalimu wa shule ya msingi na mpiga kinanda wa parokia, aliniletea mifuko hiyo miaka miwili mfululizo, nami nikaitia viraka vya ngozi ileile ninayoshonea makubazi. Ngozi ni ngozi. Dini ya mbuzi hatukuulizana.

Siku moja akaja bila mfuko wowote, uso unang'aa.

"Fundi, nimetunga."

"Umetunga nini, Mwalimu?"

"Muziki wa kinanda. Kinanda peke yake. Hauna maneno."

"Maneno umeyasahau, au yanakuja na treni ya kesho?"

Akanipeleka kanisani nikausikie. Aliuita Mwendo wa Wapagazi. Mkono wa kushoto ulitembea kama miguu ya watu waliobeba mizigo kutoka pwani, mkono wa kulia ukaimba juu yake kama yule kiongozi wa msafara anayewadanganya wenzake kwamba tumekaribia. Mimi babu yangu alikuja Tabora na misafara hiyo hiyo, viatu vikamwishia hapa, akaamua kubaki avishone. Nikaanza kutikisa kichwa. Ghafla, kimya. Mwalimu ameinua mikono hewani, macho ameyafumba. Nikasema basi, kiraka kimeachia. Nikachomoa gundi na sindano, nikaingia uvunguni mwa kinanda. Akanipiga teke.

"Toka, Fundi! Hapo wametua mizigo. Wanapumzika!"

"Watapumzika mpaka lini?"

"Hesabu ya ishirini."

Nikahesabu, ilikuwa ishirini. Alipourudia nikahesabu tena, ikawa ishirini na mbili, lakini sitaki kumsingizia; mara hiyo ya pili nilikuwa nasugua ubavu.

Mambo yalikwamia kwenye kamati ya kwaya. Mwenyekiti wake ni karani mstaafu, mtu ambaye hata salamu angependa aipate yenye muhuri. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndugu Mwalimu, muziki bila maneno ni barua bila anwani. Siku hizi hata jembe lina kaulimbiu. Huu wako unasema nini?" Mwalimu akajibu kwamba unasema ulichosikia. Mwenyekiti akasema yeye amesikia kinanda kimeharibika katikati. Wakakata shauri hivi: kabla ya sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu mlinzi wake, Mwalimu alete barua yenye muhuri kutoka kigango kimoja, kanisa dogo la mashambani, ikisema waumini wameusikia muziki huo na wameupokea. Barua ikikosekana, kinanda kinafungiwa stoo, parokia inarudi kwenye ngoma na manyanga, na karatasi za Mwalimu zitafungia maandazi. Sikukuu ilikuwa imebakiza Jumapili mbili, na moja kati ya hizo ndiyo yenyewe.

"Twende wote," Mwalimu aliniambia. "Kiraka kikiachia njiani nitafanyaje? Halafu wewe unajua kuelewana na watu."

Alitaka kusema najua kubishania bei. Nikakubali.

Jumamosi asubuhi, stesheni ya Tabora. Kinanda chetu ni cha kukunjwa, kikikunjwa kinakuwa sanduku lenye mishikio miwili. Tulikipitisha mti katikati, tukakibeba mabegani mmoja mbele mmoja nyuma, kama wapagazi wenyewe, na kila tuliyepishana naye alitupa pole akidhani tumefiwa na mtoto. Mwalimu alianza kuwaeleza. Nikamwambia, "Pokea pole, Mwalimu, ni bure, na watu wanatupisha."

Ndani ya daraja la tatu tukakiweka sakafuni. Kabla treni haijaondoka mama mmoja alikwisha kuweka juu yake matenga ya kuku. Nikahesabu kuku, sita. Nikarudia, saba. Wa saba alikuwa Mwalimu Leonsi, amejikunyata nyuma ya tenga akilinda sanduku lake kwa mikono miwili.

Mabama, Usoke, stesheni moja baada ya nyingine, miombo huku na huku. Mle ndimo ilimopita njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji, na Mwalimu alinionyesha dirishani mahali ilipopita. Nikatazama. Niliona miti. Nikatazama mara ya pili, miti ileile.

Saa sita mchana, Urambo. Tuliposhuka tulikuta trekta la kijiji cha ujamaa cha Songambele, ndiko tulikokuwa tunakwenda. Katekista wa kigango cha huko, Mzee Gaspari, ndiye aliyemfundisha Mwalimu Leonsi kusoma nota alipokuwa mtoto, na alikuwa ameagiza tupokewe. Trekta lilikuwa limeleta marobota ya tumbaku kwenye kituo cha ununuzi, sasa trela limejaa wanakijiji wanaorudi. Dereva alikuwa pande la mtu, mcheshi, kofia ya kiua kichwani, anaitwa Bwana Pazi.

"Karibuni, wageni. Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Fundi, wewe nimekusikia, mtu wa Tabora mjini. Na Mwalimu je, kabila gani?"

"Ndugu, siku hizi hatuulizani makabila," Mwalimu akasema.

"Siulizi kwa ubaya. Nauliza kwa utani."

"Mnyamwezi."

Bwana Pazi akapiga makofi mara tatu. "Alhamdulillahi! Mwaka wa tatu huu naendesha trekta katika nchi ya watani zangu, na wote wana majembe tu. Leo Mungu kaniletea mali. Hilo sanduku langu!" Akalikumbatia, akalipandisha mbele pamoja naye.

Kwa faida ya vijana nitasema neno moja. Wanyamwezi walibeba mizigo mpaka pwani, Wazaramo wakawapokea, na kutokana na kuchokana kwao ukazaliwa utani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana na kuchukua kitu chako mchana kweupe. Nawe una ruhusa ya kucheka, kumtukana zaidi, na kukikomboa kitu kwa maneno. Usiloruhusiwa ni kukasirika. Anayekasirika ameshindwa mara mbili, na hapo hata mimi sina haja ya kurudia hesabu.

Mwalimu Leonsi alikasirika.

"Weka chini!" alifoka, sauti ya darasani. "Huo ni wizi! Wewe ni mwizi!"

Watu wakatazama vidole vya miguu yao. Bibi mmoja mwembamba, Mama Tekla, ambaye baadaye nilijua ndiye anayeogopwa kuliko mwenyekiti wa kijiji, akasema taratibu, "Mwanangu, umemwita mtani mwizi? Mbele za watu? Kinyamwezi chako umekipoteza huko shuleni?"

Bwana Pazi alipanda trekta, akaliwasha, akatupeleka Songambele mwendo wa saa nzima bila kugeuka nyuma. Tulipofika alishusha sanduku, akaliingiza ndani ya bani, kile kibanda kirefu cha kukaushia tumbaku, akakaa mlangoni. Namshukuru Mungu bani lile halikuwa na moto.

"Ilikuwa nikirudishe kwa tusi moja zuri," akaniambia. "Lakini ameniita mwizi. Sasa ni changu kweli. Kikikauka nitakivuta kama sigara."

Alasiri, nyumbani kwa Mzee Gaspari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatupa ugali wa mtama na mlenda. Mwalimu hakugusa. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, kichwa mikononi.

"Kesho ibada saa tatu," Mzee Gaspari akasema. "Muhuri ninao. Lakini siwezi kugonga muhuri kwa muziki ambao watu hawakuusikia."

"Mzee, huwezi kumwamuru arudishe?" Mwalimu akauliza.

"Nimwamuru mtani? Leonsi, ningeweza kwanza kuiamuru mvua."

Mwalimu akanitazama. "Fundi, kesho ikipita sina Jumapili nyingine."

Nilinawa, nikaenda banini.

Bwana Pazi alikuwa amekikunjua kinanda na kukikalia, anakula karanga. Nilimwomba asogee nihesabu mali kabla hatujazungumza, kwa sababu mtu hawezi kujadili kitu asichokijua idadi yake. Vibao vyeupe ishirini na tisa. Nikarudia, ishirini na nane, nikaona kimoja amekiwekea maganda ya karanga. Vyeusi ishirini. Nikarudia. Ishirini. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika safari nzima hesabu zangu mbili kukubaliana, nikajua kuna kheri mahali hapa.

"Mimi si mtu wa tamaa," Bwana Pazi akasema. "Tugawane. Vyeupe vyake, vyeusi vyangu. Nitaving'oa vizuri, mtoto wangu atachezea."

"Vyeusi ni ishirini, Bwana Pazi."

"Ndivyo hivyo hivyo nilivyovipenda."

"Vina mchwa."

"Wapi?"

"Watakuja. Mti mweusi wanaupenda. Nikupe ishirini nyingine zisizoliwa na mchwa?"

Akaacha kutafuna. "Ishirini za nini?"

"Za kimya."

Nikamweleza. Katikati ya muziki wa Mwalimu kuna mahali ambapo hakipigwi chochote kwa hesabu ya ishirini. Mikono ya Mnyamwezi iko hewani, mdomo wake umefungwa, Wanyamwezi wenzake wote wamekaa. "Mahali pale," nikasema, "pachukue wewe. Kuanzia kesho na daima, kimya kile ni mali ya Mzaramo. Hakichakai, hakitaki kiraka, hakina mzigo njiani. Ukitaka kusema humo, sema. Ukitaka kulala, lala. Yeye hana ruhusa ya kukugusa."

Nimeuza makubazi ya mguu mmoja kwa mtu mwenye miwili. Kuuza mahali pasipo na kitu ilikuwa mara yangu ya kwanza.

"Ishirini kamili?" akauliza.

"Ukipungukiwa nishike mimi."

"Na aje mwenyewe anikomboe kwa tusi. Bila tusi hakitoki."

Nilirudi kwa Mwalimu nikitembea kama bwana harusi. Nilipomweleza alisimama, kinu kikabingirika.

"Umeuza moyo wa muziki wangu!"

"Mwalimu, nimeuza sehemu ambayo hukuweka kitu."

"Hiyo ndiyo iliyonichukua miezi mitatu!"

"Miezi mitatu ya kutoandika kitu?"

"Wewe hujui kazi ya kutunga!" Kisha akakaa tena chini, safari hii bila kinu. Mzee Gaspari akasema polepole kwamba muziki ulio ndani ya bani ni kimya kitupu, chote cha Mzaramo, na hapa anaombwa ishirini tu. Mwalimu akatafakari hesabu hiyo. Halafu akainuka, akajipangusa suruali, akauliza, "Tusi lenyewe liweje?"

Tulimsindikiza. Nusu ya kijiji ilikwisha kufika. Mwalimu akasimama mbele ya Bwana Pazi, akakohoa kama anayeanza kuita majina ya wanafunzi.

"Wewe Mzaramo," akasema. "Trekta lako... lina masizi mengi. Na wewe pia unafanana nalo kwa kiasi fulani."

Bwana Pazi alimkodolea macho. Kisha akaanza kutikisika mabega, akacheka mpaka akashika mlango wa bani. "Kwa kiasi fulani! Mama Tekla, umesikia? Mtani kanipimia tusi kwa rula!" Akamkumbatia Mwalimu, akambeba pamoja na kinanda chake, wote wawili, mpaka kanisani.

Jumapili, saa tatu asubuhi. Kanisa la Songambele ni la udongo na nyasi, madirisha yake ni matundu yanayopitisha jua na mbuzi. Watu walikwisha kusalimiana mwangaluka, mwangaluka, hadi nje. Waislamu tulikuwa wawili ndani: mmoja wa mapafu ya kinanda, mmoja wa kimya. Mimi nilikaa chini kando ya kinanda na gundi yangu. Bwana Pazi benchi la mwisho, na kando yake robota la tumbaku ambalo hakuna aliyemuuliza la nini.

Baada ya ibada Mwalimu akaanza. Miguu ya wapagazi ikatembea. Watu wakasikiliza kwa adabu, namna ile watu wanavyosikiliza mgeni ambaye lugha yake hawaijui. Mtoto akalia, akatolewa. Mzee mmoja akasinzia. Nilianza kuiona ile barua ikiruka dirishani.

Kimya kikafika. Mikono ikaenda hewani. Na hapo nikasikia nyuma, puu! Bwana Pazi alikuwa amebeba lile robota begani mpaka katikati ya kanisa, akalitua kwa kishindo, vumbi likapanda.

"Mnawaona?" akasema, anajipepea kwa kofia. "Wamechoka! Mababu zao walichoka, wao wamechoka, leo mpaka kinanda chao kimechoka!"

Kanisa likashtuka. Mama Tekla ndiye aliyesimama.

"Na babu yako alikuwa wapi sisi tukibeba? Alikuwa amekaa chini ya mnazi anangoja nazi imwangukie ajue ni mchana!"

Kicheko kikalipuka kama paa limeachia, na ndani ya kicheko hicho, hesabu ya ishirini barabara, Mwalimu akashusha mikono. Miguu ya wapagazi ikaanza upya. Safari hii kila mtu akajua ni nini: mizigo inarudi mabegani. Bwana Pazi akainua robota lake, akaenda nalo kwa mwendo wa kinanda, na wazee wakaanza kukanyaga chini, na yule aliyesinzia alikuwa anakanyaga kuliko wote. Ulipokwisha wakautaka tena. Walipigiwa mara tatu. Mimi nasema nne, lakini ya nne Mwalimu alipigia mle mle ndani ya ya tatu, kwa furaha.

Mzee Gaspari akaandika barua kwa mkono wake, akagonga muhuri, akatusomea: "Sisi wa kigango cha Songambele tumeusikia muziki wa Mwalimu Leonsi na tumeupokea, pamoja na Mzaramo wake. Usipigwe bila yeye."

Jumatatu tulikuwa Tabora. Mwenyekiti wa kamati aliisoma barua, akaigeuza, akaisoma tena, mtu wa aina yangu.

"Huyu Mzaramo," akasema, "ni chombo gani cha muziki?"

"Ni dereva wa trekta, Ndugu Mwenyekiti," nikajibu.

"Kelele kanisani sitaki."

"Lakini muhuri ndio huo."

Akautazama muhuri kwa muda mrefu. Alikuwa ameuomba mwenyewe.

Siku ya sikukuu ya somo, habari zilikwisha kuzunguka soko zima. Kanisa lilijaa, na waliobaki nje kwenye madirisha niliwatambua karibu wote: wateja wangu, wauza nguo, hata wale majirani wenye maelezo sita. Bwana Pazi alishuka na treni kutoka Urambo, suti ya kuazima, kofia ya kiua mkononi. Nilimwuliza mara mbili atasema nini. Mara zote mbili alijibu, "Mali yangu, Fundi."

Mwalimu akapiga. Miguu ikatembea kutoka pwani, kiongozi wa msafara akawadanganya, wakatua mizigo. Mikono hewani.

Bwana Pazi akasimama. Akajisafisha koo. Mwenyekiti wa kamati akafumba macho kama mtu anayengoja sindano. Bwana Pazi akawatazama Wanyamwezi wa Tabora kutoka kulia hadi kushoto, benchi kwa benchi, akafungua mdomo, watu mia kadhaa wakainama mbele. Akaufunga. Akaendelea kusimama tu.

Sijawahi kusikia kanisa, wala msikiti, wala mji huu mzima, umenyamaza namna ile. Njiwa wa darini aligeuka upande, tukamsikia akigeuka. Kisha Bwana Pazi akaketi, Mwalimu akashusha mikono, msafara ukaondoka, na nilipomtazama Mwalimu mashavu yake yalikuwa yameloa. Kile ndicho kimya alichokiandika kwa miezi mitatu.

Nje, baada ya pongezi na baada ya Mwenyekiti kutangaza kwamba kinanda hakiendi stoo, nilimkamata Bwana Pazi mkono.

"Mtani wa watu, mbona hukusema?"

"Kwa Wanyamwezi wengi vile, tusi gani lingetosha?" akasema, anavaa kofia. "Nimewaacha wajitukane wenyewe. Kila mmoja alikuwa analingoja lake."

Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba kitu usichoweza kukilinda mwenyewe mpe mtani, atakilinda kwa ubishi. Na nilikihesabu kimya kile, kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi mtu ishirini kamili. Zilikuwa ishirini. Sikurudia.